Chaki Isiyofutwa

Mgeni rasmi, wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tunaigeuza: mwenyeji apone kwanza, ndipo mgeni aje. Hata hivyo, karibu ufungue mapokezi mapya. Kiti ulichokalia tumekitoa chumba cha dripu. Hatuna kingine kisichoyumba.

HISTORIA YETU
Sisi ni wagonjwa wa saratani wa kliniki hii. Kikundi alikianzisha fundi cherehani tunayemwita Mama Chaki, yule pale mbele mwenye kilemba cha njano. Alikuja na uvimbe titini, akamuuliza daktari, "Mwanangu, huu umetoka wapi? Nimemkosea nani?"

Daktari aliazima chaki yake ya kuwekea alama kitambaa, akachora mezani. "Mama, seli kabla ya kugawanyika hunakili DNA yake, yale maelekezo ya mwili. Huweka alama pa kuanzia. Kazi ikianza, alama hufutwa, pasinakiliwe mara mbili."

"Kama mimi. Mkasi ukipita, nafuta."

"Na usipofuta?"

"Shati la mikono mitatu." Akacheka. "Kumbe ndani mwangu mna fundi mzembe."

"Si mzembe, mama. Kapitiwa tu. Alama zikibaki, maelekezo huvurugika, na saratani huweza kuanzia hapo."

MAFANIKIO
Tangu hapo, kila mgeni wa ugonjwa huu hukalishwa kando ya Mama Chaki, akachorewa, akafutiwa. Akiinuka, haulizi tena kamkosea nani. Hayo ndiyo mafanikio yetu, na hayakugharimu kitu.

CHANGAMOTO
Vinyama vinavyokatwa kwenye uvimbe wetu hupelekwa mbali kupimwa. Majibu yanajivuta, seli hazijivuti. Mama Chaki ametibiwa, uvimbe umerudi, na dawa mpya haichaguliwi bila majibu ambayo hadi leo hayajafika.

Juzi alikuwa akimkatia mjukuu shati. Akasahau kufuta chaki, akakata mkono uleule tena. Yeye, fundi wa miaka yote hiyo. Hatukucheka. Akasema, "Lishoneni hivyohivyo, mgeni alione." Limetundikwa mlangoni, nyuma yako.

OMBI
Ni moja: mtaalamu na vifaa vya kupimia vinyama hapahapa kliniki. Na majibu ya Mama Chaki yafuatiliwe leo, kabla hujapanda gari.

Mungu akurudishe salama kwa wanao, na kila seli yako ikumbuke kufuta alama zake.

Mwandaaji wa shughuli alitutaka tumalizie kwa kukuomba radhi, kwamba tumeleta kilio kwenye sherehe. Tulikaa, tukalijadili.

Ni sisi, Kikundi cha Futa Chaki. Radhi hatuombi.