Tulivyomtibu Betri Uchovu

Benchi ni langu, naomba hilo lieleweke kabla ya yote. Nililigongomea mwenyewe kwa mbao chakavu ili wateja wa viatu wapate pa kukaa wakisubiri soli. Siku hizi mteja wa kweli akija husimama, maana benchi limeshikwa na watu wasio na kiatu kibovu hata kimoja. Yupo Mwalimu, aliyestaafu kufundisha lakini hakustaafu kusahihisha watu. Yupo Waziri, kinyozi wa kibanda cha jirani, tuliyempa jina hilo kwa sababu hana jambo asilolitolea tamko. Yeye ndiye huleta birika la kahawa. Na yupo Betri, mshika msumeno wa kiwanda cha mbao kilicho ng'ambo ya barabara. Huyo hutujia saa nne kengele ya mapumziko ikilia, akarudi kazini nusu saa baadaye ikilia tena. Zamani tulimwita Betri kwa kumsifu, kwa kuwa hakuwa akiishiwa. Jina limebaki, nguvu ndizo zilizoondoka.

Benchi lina sheria moja. Ukileta tatizo ukapewa ushauri, lazima uutekeleze wiki nzima, kisha urudi kutoa ripoti. Aliyeitunga sheria hiyo ni Mwalimu. Aliyeitii kwa moyo wote ni Betri peke yake.

Leo alikuja, hakukaa. Alinitupia glavu ya mkono wa kushoto juu ya kasha langu la misumari. Kidole cha shahada kilikuwa kimekatwa nchani, kimekatika sawasawa kabisa.

Mimi: Kidole chenyewe kiko wapi?

Betri: Hiki hapa. Glavu ndiyo iliyotangulia.

Waziri: Ulikuwa unaangalia wapi, bwana?

Betri: Sikuwa naangalia. Nililala. Nimesimama hivi, msumeno unazunguka, nikalala. Kushtuka, ubao umeshapita.

Mwalimu: Msimamizi kaona?

Betri: Kaona. Kasema nikisinzia tena nisirudi kesho. Lakini msimamizi simwogopi, Mwalimu. Naogopa hii mikono. Kengele ikilia naipeleka pale pale.

Sote tulishtuka. Na sisi tukishtuka huwa hatunyamazi, ndiyo kwanza tunaongeza maneno. Waziri alimimina kahawa mpaka ikafurika kwenye kisahani, Betri akaipokea na kukaa.

Mwalimu: Tuanze na ripoti. Mbio za alfajiri?

Betri: Nakimbia. Saa kumi na moja, kama ulivyoniagiza.

Mwalimu: Damu inachemka?

Betri: Inachemka. Halafu nasinzia nikipiga mswaki.

Waziri: Na maji yangu? Lita nne?

Betri: Nakunywa zote. Usiku naenda chooni mara tano.

Waziri: Safi. Sumu inatoka hiyo.

Betri: Kinachotoka ni usingizi, Waziri.

Mwalimu: Mto je? Umeuacha?

Betri: Nimeuacha. Shingo nayo imeniacha mimi.

Waziri akanigeukia, akauliza na ushauri wangu umefikia wapi. Nikajifanya natafuta uzi. Mimi ndiye niliyesema uchovu unaingilia nyayoni kutoka kwenye sakafu ya saruji, nikampigilia soli ya pili kwa mikono yangu. Sasa kila kiatu chake kina uzito wa tofali. Anavuka barabara kama mtu anayetembea kwenye matope, na wala hajanilaumu hata siku moja.

Waziri: Basi nawaambia leo. Tatizo ni nywele. Nywele zinakula. Mtu mwenye nywele nyingi kama huyu analisha watu wawili kwa sahani moja. Anyolewe kipara, wiki ijayo mtaniambia.

Mwalimu: Usitutangazie kibanda chako hapa. Tatizo ni simu. Zamani mtu alichoka kwa mambo ya mtaa wake tu. Leo umejilaza kitandani, huku unapigana vita vya watu, unazika watu usiowajua, unagombana kuhusu mpira na mtu ambaye hata sura yake hujaiona. Utaamkaje mzima?

Betri: Simu yangu ya vitufe, Mwalimu.

Mwalimu: Mbaya zaidi! Huna habari. Unachoka kwa kutojua.

Mimi: Kutojua kunachosha?

Mwalimu: Nimefundisha miaka thelathini na minne. Wasiojua ndio waliokuwa wanasinzia.

Betri aliangalia geti la kiwanda. Hakuwa akicheka. Kikombe kilikuwa kimemwinamia mkononi, kahawa ikidondokea suruali bila yeye kujua. Nilitaka kumwambia akiweke chini. Sikumwambia, kwa sababu Waziri alikuwa amesimama tayari.

Waziri: Ngoja, ngoja. Betri, ukilala kichwa kinaelekea wapi?

Betri: Mlangoni.

Waziri: Nimekupata! Dunia si inazunguka? Ukikilaza kichwa inakoelekea, unakwenda nayo vizuri. Ukikilaza kinyume, usiku kucha unaendeshwa kinyumenyume. Mtu ameendeshwa kinyumenyume saa nane nzima, utamwambia akashike msumeno?

Nilimwangalia Mwalimu, maana jiografia ndiyo alikuwa akifundisha. Alifungua mdomo kusahihisha, akaufunga, kisha akasema hoja hiyo isipuuzwe.

Betri: Sasa niugeuzie wapi mto? Aa, sina mto. Nigeuzie wapi kitanda?

Aliuliza kwa dhati kabisa. Hapo nilisikia uchungu, nikakasirika, nisijue nimkasirikie nani.

Wakati huo akafika mama mmoja wa makamo, amebeba kiti kilichovunjika mguu. Sikuwahi kumwona. Aliuliza kama kiwanda kinapokea kazi ndogondogo. Tukamwambia geti linafunguliwa kengele ikilia, dakika chache tu zimebaki. Betri akainuka kumpisha.

Mama: Kaa wewe, mwanangu. Mimi nimetoka kulala. Wewe unalala saa ngapi?

Betri: Inategemea na mzee.

Mama: Mzee yupi?

Betri: Baba. Kapooza upande mmoja, hawezi kujigeuza. Namgeuza kila baada ya saa mbili, la sivyo mgongo unatoka vidonda.

Waziri akaweka birika chini.

Mwalimu: Tangu lini?

Betri: Unakwenda mwezi wa tisa sasa.

Waziri: Mbona hukutuambia?

Betri: Mliniuliza kama nakunywa maji.

Mama: Mkeo yupo?

Betri: Yupo. Anapika kantini, zamu ya usiku. Akirudi asubuhi ananikuta natoka. Mchana mzee anabaki naye.

Mama: Na yeye analala lini?

Betri: Sijawahi kumuuliza, mama. Tunaonana mlangoni.

Mama: Ndugu zako?

Betri: Kaka yangu huwa anatuma salamu.

Mwalimu alivua miwani. Akauliza kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Na zile mbio za alfajiri, mzee ulikuwa unamwacha na nani?"

Betri: Simwachi. Nazunguka nyumba tu. Akiita, nisikie.

Nilijisikia aibu mpaka masikioni. Wiki sita tulikuwa tumemwongezea mzigo huyu mtu, mmoja baada ya mwingine, na kila Jumatatu tunamdai ripoti.

Kengele ikalia. Betri akamalizia kahawa kwa mkupuo, akachukua glavu, akaivaa. Ncha ya kidole ikachungulia kwenye tundu.

Mama: Mwambie msimamizi leo akupe kazi nyingine.

Betri: Nikimwambia nimechoka, ataniuliza nani hajachoka.

Akavuka barabara na viatu vyangu vizito. Tulimtazama mpaka geti likammeza.

Mwalimu: Mimi naanza leo. Nikishakula tu, nakwenda kwa mzee, namgeuza mpaka asubuhi. Betri alale.

Waziri: Kesho mimi. Na Jumamosi. Jumamosi nafunga mapema.

Mimi: Jumamosi yangu. Wewe chukua Alhamisi.

Waziri: Alhamisi nina wateja!

Mwalimu: Msigombane. Alhamisi nipeni mimi tena, sina ninachofanya nyumbani zaidi ya kugombana na redio.

Tulipangana haraka haraka, kila mmoja anamkata mwenzake maneno, na kwa mara ya kwanza nikaona benchi langu lina maana. Nilichukua kipande cha boksi la viatu, nikaandika siku zote saba. Waziri alisema tupeleke na godoro la ziada. Mwalimu alisema tumkute mkewe kwanza, tumweleze kwa adabu, asije akadhani tumevamia nyumba ya watu.

Yule mama alitusikiliza huku ameshainua kiti chake, tayari kuvuka.

Mama: Vizuri sana. Nyumba yake ni ipi?

Mwalimu alimwangalia Waziri. Waziri aliniangalia mimi. Miaka sita mtu huyu amekaa kwenye benchi langu. Nakijua kipimo cha mguu wake, najua kisigino kipi huisha kwanza. Lakini asubuhi akija kazini, sikujua hata kama hutokea kulia au kushoto mwa barabara.

Waziri: Nakwenda kumwita tumuulize.

Nikamshika shati. Ng'ambo ya barabara msumeno ulikuwa umeshawashwa, na mtu akiwa kwenye msumeno haitwi.