Mashine ya Karakana ya Mtaa

"Naipeleka sokoni," mzee alimwambia mama aliyeketi ubavuni pake ndani ya basi, kiti cha mbele yangu, akiigusa kwa mguu mashine ya kutobolea chuma. "Karakana yetu ya mtaa, ile ya kila mtu aje ajitengenezee chake, imeshindwa kulipa kodi."

Mama akaruka. "Hii? Si ndiyo niliyotobolea kitanda cha wanangu! Na hakuna aliyenidai hata senti!"

"Ndiyo hivyo, mama. Hatumdai mtu."

"Daini, jamani!"

"Tungekudai, ungeingia?"

Mimi nikatazama dirishani, kana kwamba nimeulizwa mimi.

Basi liliposimama, mashine ilimshinda mzee kuinyanyua. Mama akashika upande wa pili, wakashuka nayo: mzee akivuta kwenda sokoni, mama akivuta kurudi karakanani.