Nadège Bitondo, Mwenye Chombo cha Alhamisi

Halmashauri ya wazee wa kanisa, katika kikao chake cha Jumatano tarehe 18 Juni 2025, kilichofunguliwa kwa sala na kufungwa kwa sala, ilitamka yafuatayo: kwamba dada yetu Nadège Bitondo alikuwa mseja, kwamba hakuacha mwenza, na kwamba hadithi anazodaiwa kuzitunga hazijulikani na muumini yeyote wa kanisa hili, kwa kuwa hakuna aliyepata kuzisikia. Familia ilipokea tamko hilo kwa heshima zote. Ikalisoma mara mbili. Sasa inaomba kueleza maisha ya marehemu kama yalivyokuwa, na atakayetaka kulinganisha, alinganishe.

Nadège alizaliwa tarehe 14 Agosti 1987 huko Kavimvira, Uvira, mtoto wa kwanza wa mzee Jérôme Bitondo, aliyetutangulia mwaka 2009, na wa Mama Espérance, ambaye yupo hapa mbele yetu. Alianza kutunga kabla ya kujua kuandika. Siku moja, akiwa hajatimiza miaka sita, aliwaambia majirani kwamba baba yake ameondoka na kwenda kwenye nyota. Majirani wakaja na unga, wakaja na kuni, wakaanza kulia. Mzee Jérôme alirudi kutoka shambani na jembe begani, akakuta watu wamejaa uani mwake wanamwomboleza na kula. Mtoto alipoulizwa, alijibu bila kutikisika: "Mi sikusema amekufa. Nilisema amepanda."

Alisoma shule ya msingi Uvira, kisha akapelekwa kwa shangazi yake Bukavu, ambako alipata diplôme yake ya ualimu mwaka 2006. Alifundisha darasa la tatu hadi vita vilipofunga shule. Novemba 2012 aliingia kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, pamoja na mama yake na mdogo wake Ezechiel. Kambi hii, kama wengi wenu mnavyojua, iliwahi kuwa gereza. Hadithi yake ya kwanza hapa ilimhusu mzimu wa mfungwa wa zamani ambaye mlango umefunguliwa, walinzi wamekufa, ukuta umeanguka, naye bado hatoki, kwa sababu hana kibali cha kutoka kambini. Watu walicheka sana. Baadaye wakaacha kucheka, mmoja mmoja, kila mtu kwa wakati wake.

Kazi iliyomlisha ni cherehani. Mwaka 2015 alihamia Lilongwe, mtaa wa Area 25, akashona sare za shule na magauni ya harusi za watu wengine. Kila Jumamosi, nyuma ya kibanda cha Norbert, kinyozi, walikutana watu wachache waliokuwa na ugonjwa kama wake: waliandika kuhusu majini, miji iliyo chini ya ziwa, vyombo vya kwenda mbinguni bila kufa. Ndani ya hadithi hizo wanaume walipenda wanaume na wanawake walipenda wanawake, na hakuna aliyetokea kichakani kuja kuwaombea. Norbert mwenyewe aliandika kuhusu kijana mwenye mabawa aliyekuwa akimsubiri seremala. Walikosoana vikali kuliko baraza lolote la wazee, ila kwa sheria moja aliyoiweka Nadège: mwandishi anayemuua mmoja wa wapendanao asimame aeleze huyo aliyeuawa amekosa nini. Alikuwa amesoma vitabu vingi, na alichoka kuona kwamba mwandishi akishawapenda watu wa namna hiyo, humalizia kwa kuwazika, ili msomaji arudi nyumbani akijiona mwema.

Mwaka 2018 alipeleka hadithi kwenye shindano moja la mjini. Waamuzi walimsifu kwa barua nzuri. Walipenda chombo chake cha angani kinachokwenda kwa moshi wa mihogo. Walipenda sayari yenye mvua inayoshuka kwa zamu, mtaa kwa mtaa. Waliomba jambo moja tu: mmoja wa wale wanawake wawili wanaosafiri pamoja awe mwanaume, kwa sababu msomaji wa kawaida hataamini. Yaani moshi wa mihogo waliuamini. Mvua ya zamu waliiamini. Kilichowashinda ni wanawake wawili chini ya blanketi moja. Nadège aliirudisha hadithi ikiwa na badiliko moja: chombo sasa kilikwenda kwa moshi wa barua za waamuzi. Hakushinda.

Kuhusu ndoa. Hakuna daftari la ndoa lenye jina lake, na halmashauri imeligundua hilo bila msaada wa mtu. Lakini mwaka 2016, Marlène, mzaliwa wa Bukavu, muuza vitenge katika soko la Area 25, alikwenda kwake kubadilishiwa zipu. Nadège alikuwa akishona huku akiwasimulia wateja sura mpya ya chombo chake. Marlène alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema:

"Dada, ile chombo yako iko na choo?"

"Hapana."

"Mwaka muzima njiani?"

"Mwaka na nusu."

"Basi habafike."

Tangu siku ile chombo kikawa na choo, na Nadège akawa na Marlène. Kwa miaka tisa hakuna sura iliyotoka bila kupita kwenye masikio yake. Mwaka 2023, amri ilipotoka kwamba wakimbizi walioko mijini warudi kambini, walirudi pamoja, na cherehani moja na vitenge vichache, wakapata chumba chenye ufunguo mmoja. Aliyetangulia kutoka aliuacha kwa Mama Espérance. Aliyetangulia kurudi aliuchukua. Mama Espérance hakuwahi kuuliza maana ya mpango huo. Aliwapikia wote wawili, na siku moja moja tu ndipo aliwalaumu, tena kwa sababu ya chumvi.

Hadithi yenyewe ilianza kutumwa kwenye simu mwaka 2021, kwa sauti ya Nadège, kila Alhamisi saa kumi na mbili jioni. Ndiyo maana watu waliiita Chombo cha Alhamisi. Ilifika Area 25, ikafika Madisi, ikafika kwa ndugu walioko Bujumbura na kwa wengine ambao familia haiwajui. Wahusika wake wawili, Sifa na Bahati, wote wanawake, walikuwa wamechaguliwa kupelekwa kuishi kwenye sayari nyingine. Kama ilivyo desturi ya wanaochaguliwa, walikuwa wakisubiri kuitwa kwenye mahojiano. Walisubiri miaka minne. Hakuna msikilizaji wa Dzaleka aliyesema kwamba jambo hilo haliaminiki.

Septemba 2024 Nadège aliambiwa ana saratani ya mlango wa kizazi. Alilazwa Lilongwe mara tatu. Mlangoni mwa wodi nesi aliuliza swali linaloulizwa kila mgonjwa nchini Malawi: "Gadiani wake ni nani?" yaani nani atakayekaa naye, amwoshe, ampikie. Marlène akasema, "Ni mimi." Nesi akasema, "Kaa hapa, basi." Ilichukua muda mfupi kuliko sala ya kufungulia kikao. Nadège alirekodi sura za mwisho kitandani, akinong'ona, na Marlène akishika simu karibu na mdomo wake. Alifariki Jumanne tarehe 17 Juni 2025, saa nne asubuhi, akiwa ametoka kulalamika kwamba uji una maji mengi.

Msiba uliwekwa kwa Mama Espérance. Mkeka ukatandikwa, mama wa marehemu akakaa, na Marlène akakaa pembeni yake. Jumatano mchana alifika Papa Gélase, katibu wa halmashauri, na tamko mkononi. Baada ya pole, alisema kilichomleta.

"Maman, kanisa haikatai maziko. Shida ni ule mwanamuke mwenye iko kwenye mukeka."

"Iko kwenye mukeka sababu iko na kilio."

"Kwenye mukeka banakaa famille."

"We Gélase. Wakati Nadège alikuwa anatapika, famille gani ilikuwa inamupanguza? Chorale?"

"Mi nilitumwa tu, maman. Banasema akibaki pale, na jina yake ikisomwa kati ya bafiwa, pasteur hatakuja. Chorale haitaimba. Na mabenchi ni ya kanisa."

Marlène alianza kuinuka. Alisema hataki Nadège azikwe bila wimbo kwa sababu yake. Mama Espérance alimshika sketi akamvuta chini, kama anavyovutwa mtoto anayetaka kukimbia kabla ya kumaliza chakula.

"Kaa. Gélase, ubaambie bale benye balikutuma: mukeka ni wangu. Mabenchi, mukamate."

"Leo, maman?"

"Sasa hivi. Na uanze na ile unakalia."

Mabenchi yalirudi kanisani kwa kabaza, moja moja, yamefungwa kwa mpira nyuma ya baiskeli, maana kanisa lilikuwa na msimamo lakini halikuwa na gari. Ndiyo sababu leo mmekaa chini. Familia inawaomba radhi kwa vumbi, na kwa vumbi tu.

Jana, Alhamisi, saa ileile, Marlène alituma sura ya mwisho. Sifa na Bahati waliitwa dirishani. Afisa aliuliza: "Kaya yenu ina watu wangapi?" Wakajibu: "Wawili." Akauliza: "Mna uhusiano gani?" Wakajibu: "Wawili." Afisa akagonga muhuri. Hawakufa. Sheria ya Nadège ilishikwa hadi mwisho na kila mhusika aliyemtunga, isipokuwa yeye mwenyewe.

Marehemu ameacha mama, Mama Espérance, mdogo wake Ezechiel na mkewe Mathilde, pamoja na watoto wao watatu, na Marlène. Familia ilimuuliza Marlène aandikwe kwa neno gani, kwa kuwa halmashauri imeyakataa yote tuliyokuwa nayo. Alifikiri, akasema: "Muandike: mwenye alibakia na ufunguo." Imeandikwa hivyo, na imesomwa hivyo mbele yenu.

Apumzike kwa amani Nadège Bitondo, aliyepanda.

Tangazo: kanisa linawakumbusha wanakwaya kwamba mazoezi ni Jumatano saa kumi na mbili jioni. Yalikuwa yakifanyika Alhamisi, saa hiyohiyo, hadi mwaka 2021, yakahamishwa kwa maombi ya wanakwaya wote, na halmashauri ya wazee iliridhia siku hiyohiyo bila mjadala.