Desderius Ndikumana, Katekista Aliyeitwa Benaco

Mwezi Mei 1994, Desderius Ndikumana aliteremka Benaco, kwenye kambi ya wakimbizi kutoka Rwanda, akikokota baiskeli, akakuta moshi wa mafiga yasiyo na idadi. Alikuwa Mhangaza wa hapa hapa Ngara, lakini mahali hapo hakupatambua tena. Padre alikuwa ameomba watu wa kuzika wakimbizi wasio na ndugu, na wanaume wa kigango wakatazama chini. Yeye aliyewafundisha watoto neno la Bwana, "Nifuate," aliona aibu kubaki ameketi.

Alizaliwa Rulenge tarehe 11 Februari 1957, akamaliza darasa la saba mwaka 1972. Alilima kahawa na migomba, na tangu 1984 alikuwa katekista. Baiskeli yake haikuwa na kengele, wala breki za kutegemea. Kwenye mteremko alipaza sauti, "Tumsifu Yesu Kristo!" Watu walirukia majanini kwanza, wakaitikia "Milele amina" wakiwa huko.

Mwaka 1986 alifunga ndoa na Bonifasia. Kila alipokwenda kufundisha, mama huyu alimsindikiza hadi mwisho wa migomba.

Kule Benaco, mjane mmoja alimpa blanketi la marehemu mumewe. Kukataa zawadi ya mfiwa ni kumtukana. Akalipokea, akaja nalo nyumbani. Kulikuwa na baridi. Elick, kifungua mimba wao, alifunikwa nalo kabla halijafuliwa. Alifariki kwa kuhara damu tarehe 19 Juni.

Matanga yalipokwisha, Desderius alichukua tena baiskeli. Bonifasia alikuwa amesimama mlangoni.

"Aliyeitwa ni wewe, baba Elick. Elick hakuitwa."

"Najua," alisema, akaenda kuzika.

Tangu siku hiyo mama hakumsindikiza tena.

Mwaka 2023 alipatikana na saratani ya koo. Ile sauti ya mteremkoni ndiyo iliyotangulia kuondoka. Siku za mwisho alimnong'oneza mkewe kwamba labda mwaka ule wa Benaco wito aliusikia vibaya. Mama alimfuta midomo.

"Ulisikia vizuri," alisema. "Ndiyo maana imeniuma miaka yote."

Alifariki nyumbani tarehe 7 Agosti 2025, alfajiri.

Ameacha mjane, watoto wawili, Kezia na Renatus wa Nyakanazi, pamoja na wajukuu.

Jeneza likitoka kwenda makaburi ya kigango, tunaomba tumpishe mama. Amesema atamsindikiza hadi mwisho wa migomba, kisha atarudi nyumbani. Nenda, katekista. Uliyemfuata akupokee, upumzike kwake kwa amani.