Hukumu ya Mbali, Majirani Wawili

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha kuziba matairi, kwenye barabara ya malori yanayokwenda Fungurume. Tunaliita Bunge, kwa sababu watu husema sana na hakuna kinachopitishwa. Mama Louise hutuuzia hapo kahawa ya tangawizi na maandazi ya bitumbula. Wote tuliokaa asubuhi ile tulikuwa zamani wakazi wa mtaa mmoja, ambao leo ni shimo la shaba. Kampuni ilipotaka ardhi tulifukuzwa kwa wiki mbili, na mahakama ya Kolwezi ikasema hatuna la kulalamika. Sisi tukanyamaza. Louise peke yake akakataa. Miaka sita imepita, na sasa mahakama ya haki za binadamu, huko nje ya nchi, imeamua kwamba alifukuzwa bila kusikilizwa, na kwamba mahakama yetu imsikilize upya. Siku ya kusikilizwa ni Ijumaa. Basi Bunge likafungua kikao.

Wa kwanza ni Samy, tunayemwita Avoka, yaani wakili. Alisoma mwaka wa kwanza wa sheria mara tatu, na sasa analinda geti la kampuni ileile.

— Karatasi ya kule iko mukubwa kupita ya huku, akasema. Ikiingia mu tribunal, juge anasimama. Anavua hata ile kanzu yake nyeusi.

— Akivua atabakia na nini? akauliza Hénock.

— Na haki.

Hénock tunamwita Tunnel. Huchimba shaba kwenye mgodi wa Mashamba kila alfajiri bila kibali cha mtu yeyote.

— Mi nasikia batatuma basoda ya Umoja wa Mataifa, ya kofia ya bluu, akasema. Barudishe udongo mu shimo, camion kwa camion, mupaka ijae. Mama Louise anajenga nyumba yake palepale.

— Na weye? akauliza Avoka.

— Mi nauchimba ule udongo tena. Mali si iko mule?

Tata Kanyinda alikohoa. Huyu alikuwa chef, kiongozi wa mtaa wetu, na jina lake la Bunge ni Kashe, yaani muhuri. Mtaa umekwisha lakini muhuri bado anatembea nao.

— Habatarudisha udongo, akasema. Musikilize. Nyumba ya Mama Louise ilikuwa wapi? Juu. Pale juu sasa kuko nini? Hewa. Donc hukumu inamurudishia hewa yake. Ndege ya Lubumbashi ikitaka kupita, ipige hodi kwanza.

— Na karatasi ya ile hewa anamupa nani? akauliza Tunnel.

— Mi. Si mi njo chef wa quartier?

Tulicheka mpaka benchi likayumba. Louise alimaliza kumimina, akamgeukia.

— Tata Kashe, si we njo ulitia muhuri karatasi ya kampuni, ya kusema kule kulikuwa majani tu?

— Mama, ile siku mvula ilikuwa inanyesha. Sikuona muzuri.

Hapo akaja msichana mwenye faili ndani ya mfuko wa plastiki. Alijitaja: Glodie, karani wa mahakama. Aliomba kahawa, akasimama akiinywa. Avoka hakuweza kujizuia.

— Tuambie, karatasi ya kule ikiingia, juge atasimama?

— Hapana, ataikala mu kiti yake. Ameisha kuisoma, na anaikubali.

— Mumesikia? Avoka akatuambia.

— Anaomba kintu moja tu. Kampuni inasema Mama Louise hakuikalaka mu mutaa wenu hata siku moja. Juge anataka majirani babili. Bakuye Ijumaa, baseme: alikuwa jirani yetu. Mi nimekuya kuandika majina. Nani hapa alikuwa jirani yake?

Avoka alirekebisha kofia yake yenye nembo ya kampuni. Tunnel alitazama simu ambayo nilijua imezimika tangu jana. Kashe alikunywa kikombe kilichokwisha. Na mimi, nikiri, niligeukia matairi, maana malori ninayoyahudumia ni ya kampuni, na nina watoto wanne. Lakini bati langu lilipong'olewa na upepo mwaka mmoja kule mtaani, mimi na hao watoto tulilala sebuleni kwa Louise mwezi mzima.

— Andika tu, mama, Louise akamwambia karani. Andika majirani habakuonekana.

Alisema huku akikusanya vikombe vyetu, bila hasira yoyote. Angetutukana ningevumilia.

— Mwamba, nikasema. Sauti ilitoka ndogo. Mwamba wa matairi. Nilikuwaka ku mulango wa tatu toka kwake.

Glodie aliandika polepole. Kisha akainua kalamu, akawatazama wale watatu mmoja mmoja.

— Huyu njo wa kwanza. Wa pili ni nani?