Marehemu Shamir Zulfikar, Mpiga Mbizi wa Mkunazini

Assalaam alaykum. Jeneza liko mbele yetu na jua linapanda, kwa hiyo nitasoma taratibu lakini sitawachelewesha. Mimi ni Usi Silima wa Jambiani, kaka wa mjane na shemegi yake marehemu, na kazi hii nimepewa na familia zote mbili kwa sababu, kama alivyosema Bi. Mumtaz, mama yake marehemu, wengine wote wangelia katikati. Mimi nami sikuahidi kwamba sitolia.

Marehemu Shamir Zulfikar Wasim alizaliwa hapa mjini siku ya Jumanne, tarehe 14 Agosti 1979, akiwa mtoto wa pili na mwanamme wa pekee wa Mzee Zulfikar Wasim na Bi. Mumtaz, katika nyumba ya Mkunazini ambayo chini yake ndilo duka la vitambaa ambamo wengi wenu mmenunua vitambaa vya nguo za Idd. Alisoma chuoni akahitimu Qur'ani akiwa na miaka kumi na mmoja, akasoma skuli ya msingi hapa hapa Mji Mkongwe, kisha sekondari ya Lumumba hadi kidato cha sita, alikomaliza mwaka 1999. Kuogelea alijifunza kwa kujiiba, na Bi. Mumtaz ameniruhusu niseme kwamba ni yeye aliyekuwa akimkausha nywele kwa khanga kabla baba hajapanda juu kula chakula cha mchana.

Mzee Zulfikar alimtaka dukani, na hakulificha hilo. Tarehe 3 Julai 2000 Shamir aliingia jeshini, katika kikosi cha wanamaji, na siku aliyorudi nyumbani na sare kwa mara ya kwanza, baba yake alimwambia mlangoni, "Hiyo vua kwanza, ndiyo uingie." Mzee alikuwa na miaka kumi na minne mwaka wa sitini na nne, mwaka wa Mapinduzi, na kwa aliyoyaona utotoni hakutaka sare yoyote ipande ngazi zake, hata iwe ya mwanawe. Shamir aliivua pale pale kwenye baraza, akaikunja, akaingia kwa fulana, na huo ukawa utaratibu wake miaka yote iliyofuata.

Marafiki nao hawakumsaidia. Vijana wenzake wa Mkunazini, ambao wengine wao nawaona hapa wameinamisha vichwa, walimwita Kasa, wakamwambia mtoto wa duka hatofika mbali, atamezwa na maji au na makuruti wenzake, na alipochaguliwa mwaka 2003 kwenda kozi ya upigaji mbizi Dar es Salaam walimuaga kwa kicheko. Alimaliza kozi hiyo tarehe 19 Machi 2004 akiwa wa pili katika darasa lake. Hakuna aliyempongeza isipokuwa mama yake, na yeye alimpongeza kwa sauti ya chini.

Hapa lazima niseme jambo la kazi ya wapiga mbizi, maana bila ya hilo hamtomjua Shamir. Kiongozi wao, Sajenti Ubwa, ambaye ndiye aliyekuwa mshika kamba wa Shamir, yaani yule anayebaki juu ya chombo akishika kamba aliyofungwa aliye chini, alikuwa na desturi kwamba mtu haendi kwenye kazi kubwa mpaka arudi kwao kwanza akaombe radhi za wazee. Basi kila mara Shamir alikwenda dukani, akasimama mbele ya meza ya kupimia na kusema, "Baba, nnakwenda kazini, nnaomba radhi zako." Mzee alikuwa akiendelea kupima kitambaa. Hakumfukuza, hakumtukana, alinyamaza tu, na Shamir alisubiri kidogo kisha akapanda juu kwa mama. Akirudi kambini Ubwa alimuuliza, "Wamekupa?" naye hujibu, "Mama kanipa." Ubwa anasema alimruhusu kwa jibu hilo kwa sababu radhi za mama ni nzito, lakini alimuona kila mara anavyochelewa kuvaa barakoa yake, kama anayengoja mtu wa kumfuata.

Tarehe 22 Novemba 2008 alimuoa dada yangu Mwanamwema, kijijini kwetu Jambiani. Kwetu pia alikataliwa. Mama yetu, Bi. Mwanakheir, analima mwani na hana hofu ya bahari, lakini alisema wazi, "Nimpe mwanangu mtu anayekumbatia maiti?" na akashikilia hivyo miaka miwili, mpaka Mwanamwema alipomwambia kwamba akikosa huyo hataki mwengine. Bi. Mumtaz alihudhuria harusi. Mzee Zulfikar hakuja, alituma doti nne za khanga na mkufu, bila ya neno. Mwenyezi Mungu aliwajaalia watoto wawili, Salhiya, aliyezaliwa tarehe 5 Mei 2010, na Wasim, aliyezaliwa tarehe 30 Januari 2014.

Kuhusu kukumbatia maiti, mama yetu alisema kweli. Mwaka 2013, mwezi wa Juni, mashua ndogo ilizama nje ya mwamba wa kwetu na kijana wa jirani hakuonekana kwa siku mbili, na Shamir ndiye aliyemtoa. Wengine humfunga maiti kamba wakamvuta, yeye alimpandisha kwa mikono yake, taratibu, na kabla hajafika juu alimfunika uso kwa kitambaa alichoshuka nacho, ili mama wa mtu asimuone mwanawe vile. Aliwatoa wengi kwa namna hiyo, wa pwani hii na wa Pemba, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, na hakupenda kuhesabu. Bi. Mwanakheir siku ile alimpikia, akamnawisha mikono mwenyewe, na tokea hapo hakumwita mkwe tena, alimwita mwanangu.

Tarehe 6 Machi 2019, wakiwa kazini kusini ya kisiwa, mwenzake alipoteza fahamu chini, na Shamir alimshika akapanda naye upesi kuliko mwili unavyostahamili. Mwenzake alipona na yuko hapa leo. Shamir hewa ilimganda katika damu, akapooza kuanzia kiunoni. Alitibiwa hapa na Dar es Salaam, kisha akastaafishwa kwa maradhi, wakahamia Mpendae kwenye nyumba isiyo na ngazi. Miaka ile ilikuwa mibaya, na sitaipamba. Bi. Mumtaz alikuja kila Alkhamisi na chakula. Mzee Zulfikar alikuwa akimleta, akabaki ndani ya gari, injini ikiunguruma, na Shamir alimtaka Mwanamwema amsogeze dirishani amuone baba yake. Hakutaka aitwe. Alisema, "Mwache, akitaka atashuka."

Tangu Oktoba mwaka jana figo zilianza kushindwa, na juzi usiku hali ilibadilika. Alifariki jana Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, baada ya sala ya Alfajiri, mkewe akimsomea Yasini. Ameacha mjane, watoto wawili, wazazi wote wawili na dada mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia miaka yote hii, majirani wa Mpendae waliomgeuza kitandani Mwanamwema alipochoka, na wenzake wa kikosini, hasa Sajenti Ubwa, aliyemuosha asubuhi hii kwa mikono yake. Mwenye haki yake kwa marehemu amuone kaka yake mjane, ambaye ni mimi.

Limebaki moja, na hili nimeagizwa. Leo asubuhi, kabla ya kuoshwa, Mzee Zulfikar aliniita, akanishika kifundo cha mkono, akaniambia, "Usi, mimi nilijua mtoto wetu haendi pahala pa hatari bila ya radhi za baba. Ndivyo tulivyolelewa. Nikasema nikimnyima, hatokwenda. Kila akija dukani nnajizuia, nnasema leo ndiyo atarudi juu, atabaki na mama yake. Naye anakwenda. Miaka yote anakwenda bila ya radhi yangu, na mimi nlikuwa nayo mdomoni." Nilitaka kumwambia kwamba angeshuka garini mara moja tu, Alkhamisi moja tu. Sikumwambia. Alinitaka niyasome maneno yake hapa, jeneza likiwa bado juu ya ardhi, mbele ya watu wote, kwa kuwa yeye sauti haimtoki. Nayasoma kama alivyonipa.

"Mimi Zulfikar Wasim, baba yake Shamir, nimempa radhi zangu zote, za kila siku aliyokuja kuziomba."

Shamir, umesikia, na ukiwa hukusikia tumekusikilizia sisi. Pumzika shemegi yangu, baba yako karidhika.