Kila Apdeti Ilinirudisha Wodini

Mama zangu, shikamooni. Dada zangu, habari za leo. Nimeambiwa niseme mbele ya umoja wetu nilivyotoka nilikokuwa. Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu nikiongea hivi hivi huwa napandisha hasira na kusahau nilikofika. Basi naanza na siku niliyoitupa simu yangu kwenye ndoo ya nepi za jirani.

Mcheke tu. Siku ile mimi sikucheka.

Nilikuwa uani kwetu hapa Moshono, kwenye nyumba tunayopanga familia kadhaa, nafua mashuka. Simu nimeiweka juu ya karo. Ikaita. Ilikuwa ile programu niliyoiweka mwenyewe ili inizuilie matangazo. Inasema: "Sasisho limekamilika. Asante kwa kutuamini." Chini ya hiyo asante kuna mtoto mnene amekaa kwenye mkeka, anacheka, na maandishi: "Mama, mwanao ameanza kukaa? Muda wa uji umefika!"

Mwanangu hajaanza kukaa. Mwanangu yuko Olmotonyi, amezikwa nyuma ya nyumba ya babu yake.

Nikaitupa. Sikulenga ndoo, nililenga ukuta. Ikagonga kamba ya nguo ikamwangukia jirani yangu kwenye ndoo, pale alipochuchumaa bombani.

"We dada! Umechanganyikiwa? Hii ndoo ni ya mavi!"

"Iache humo humo. Ndiko kwake."

Nitarudi hapo bombani. Kwanza mjue nilifikaje.

Nilipokuwa mjamzito, mwenzangu mmoja tuliyekaa naye benchi la kliniki alinionyesha programu ya kufuatilia mimba. Unaandika tarehe zako, inakuambia wiki hii mtoto ana ukubwa wa limau, ile nyingine ukubwa wa embe. Niliipenda sana. Mume wangu ni dereva wa watalii. Msimu ukianza anaingia porini na simu yake haipatikani, kwa hiyo ile programu ndiyo niliyokuwa naongea nayo. Niliiambia kila kitu, mpaka siku niliyosikia mtoto anacheza.

Naserian alizaliwa, akaishi siku chache wodini, akafariki. Nalisema kwa ufupi kwa sababu kwa urefu huwa silimalizi.

Tulimzika kwa wakwe. Ukungu wa kule mnaujua, hata msitu huuoni. Maziwa yalikuwa bado yananitoka, yamelowesha gauni. Mama mkwe alikuwa ameshaandaa ndizi na nyama kwa mtori wa uzazi, akaupika hivyo hivyo, akaniletea, akakaa mlangoni mpaka nikamaliza bakuli. Hakusema neno. Wengine walisema, na bora wangenyamaza. "Utapata mwingine." "Wewe bado msichana mdogo." "Usilie hivyo, utafunga kizazi." Wakaziondoa nguo za mtoto nikiwa nimelala, kofia, soksi, yote, kwa nia njema. Na wale waliokuwa wameanza kuniita Mama Naserian wakarudi kuniita kwa jina langu la shuleni, kama mtu aliyerudishwa darasa.

Ndugu zangu, nawaambia, kuanzia siku ile sikumsikia mtu akilitaja jina la mtoto wangu. Hata baba yake. Alikaa kidogo nyumbani, akasema, "Nisipoingia msimu huu, gari watampa mwingine." Akaenda.

Nikabaki na chumba. Na simu.

Simu haikujua kwamba kuna msiba. Ile programu ya mimba niliifuta mara tu niliporudi Moshono, lakini niliyoiambia yalishatembea mpaka kwa wauza bidhaa. Nikitafuta namna ya kupika, nepi. Nikifungua kwaya, kabla hawajafumbua midomo, maziwa ya kopo. "Hongera mama! Mwezi huu mwanao anaanza kutabasamu." Naizima, naisukumia chini ya mto. Baadaye naiwasha tena, maana huenda mume wangu amepita mahali penye mtandao.

Ndipo nikatafuta kizuia matangazo. Alama yake ni ngao. Waliandika kwamba kinazuia matangazo, kinawazuia wanaokufuatilia, na siri zako hazitoki. Kuna mahali pa kuandika maneno usiyotaka kukutana nayo. Nikaandika: mtoto mchanga. Nepi. Kunyonyesha. Uzazi. Maziwa ya kopo.

Na kweli yakaisha. Simu ikawa simu.

Sasa nawaambia jambo ambalo ni gumu kulisema mbele za watu. Kimya kile nacho kiliniuma. Duniani kote ni ile simu tu iliyokuwa bado inahesabu miezi ya mwanangu. Ilihesabu uongo, lakini ilihesabu. Ilipoacha, hakukuwa na mtu wala kitu kinachojua kwamba niliwahi kuzaa. Nilikaa kitandani nikatazama ukuta. Hata hivyo nilikichagua kimya. Nilikichagua mimi, kwa kidole changu.

Halafu zikaanza apdeti.

Ya kwanza ngao ilibadilika rangi, matangazo yakarudi. Nikaingia ndani nikakuta maneno yangu yote yamefutika. Nikayaandika upya. Ya pili ikaja na masharti marefu ya Kiingereza. Kidato cha nne nimemaliza, Kiingereza cha kuomba kazi ninacho, lakini kile ni cha wanasheria. Na usipobonyeza "Kubali", haifunguki. Nikabonyeza. Maneno yamefutika tena. Nikaandika tena. Apdeti nyingine, tena.

Hebu mnielewe, mama zangu. Ili simu isiniambie habari za mtoto, kila wakijisikia kuibadilisha ni lazima mimi nikae niandike mtoto. Niandike kunyonyesha, na kifua bado kinauma. Kila apdeti ilinirudisha wodini, kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango nilichokalia zile siku chache za mwanangu.

Niliwaandikia wenye programu. Nikapata jibu saa ile ile, maana si mtu aliyejibu: "Tunafurahi kusikia kutoka kwako! Tafadhali hakikisha unatumia toleo jipya zaidi."

Mume wangu alipopiga nikamweleza. Akasema, "Si uizime tu hiyo simu?"

"Nikiizima nitaongea na nani?"

"Kuna majirani hapo."

"Majirani gani? Wananiangalia kama nimebeba ugonjwa."

Mtandao ukakata. Au alikata yeye, sijui.

Hiyo apdeti ya siku ya bombani ilikuwa imenichokoza tangu asubuhi. Nilipoingia kuyaandika maneno yangu nikakuta ukurasa mpya: "Mambo unayoyapenda." Hapo chini yamepangwa vizuri: mtoto mchanga, nepi, kunyonyesha, uzazi, maziwa ya kopo. Maneno yangu, kwa mpangilio ule ule niliouweka mimi. Nilichowapa wanifichie, wamekigeuza kitu cha kuniuzia. Nikaondoa tiki kwenye kila neno, nikatoka kufua ili nisipasue kitu. Ndipo ikaita na huyo mtoto wa kwenye mkeka, kutoka ndani ya kizuia matangazo chenyewe.

Haya, turudi bombani.

Jirani aliingiza mkono kwenye ile ndoo akaitoa simu, akaifuta kwa upindo wa khanga. Kioo kilikuwa bado kinawaka. Akaangalia, akaniangalia.

"Hivi vitu ndivyo vinavyokuja kwako?"

"Kila wakiapdeti."

"Mungu wangu."

Jirani huyu alijifungua karibu na mimi. Wa kwake yuko hai. Kila nilipotoka uani, yeye alimbeba mtoto akaingia ndani. Miezi yote hiyo nilinyamaza, ila siku ile mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Na wewe mbona unanificha mtoto wako kama mimi mchawi?"

Hakuzunguka. "Mama mkwe wangu alinikataza kumtoa ukiwepo. Alisema una uchungu, jicho lako linaweza kumdhuru."

"Na wewe ukaamini?"

"Niliogopa. Ndiye wa kwanza. Niliogopa tu."

Mama zangu, nilitaka kumpiga na beseni. Nasema kweli, nilikuwa nimeshalishika. Yeye aliona, na hakukimbia. Alikaa chini kwenye sementi yenye maji, na gauni lake zuri, akauliza, "Wako alikuwa anaitwa nani?"

"Naserian."

"Alifanana na nani?"

"Baba yake. Hili paji la uso. Na vidole virefu."

"Mpole au mkorofi?"

"Alikuwa analia kama mtu mwenye kesi!"

Tukacheka. Kisha nikalia, nikalia sana, na yeye hakuniambia ninyamaze. Aliuliza mengine. Alinyonya? Alifumbua macho? Nywele zilikuwa nyingi? Kumbe mtoto wa siku chache ana habari nyingi hivyo, na zote zilikuwa zimekaa kifuani kwangu hazina pa kwenda. Mashuka yakakauka na sabuni.

Kesho yake asubuhi nikasikia mtu anapaza sauti uani, majirani wote wanasikia: "Mama Naserian! Njoo unishikie huyu, uji unamwagika!" Akanipa mtoto wake mikononi, akaondoka akaenda jikoni. Hakugeuka nyuma kunichunga. Mama mkwe wake alikuwepo amekaa kwenye kigoda anachambua mboga, akaguna. Jirani akamjibu kutoka ndani, "Mama, guna, lakini mtoto anabaki pale."

Simu tuliizika kwenye mchele na ikapona. Mchele hatukuupika, msiniangalie hivyo.

Jirani ndiye aliyesema, "Sasa hawa tunawafanyaje?" Alisikia redioni kwamba ipo ofisi ya serikali inayopokea malalamiko ya watu ambao taarifa zao binafsi zimechezewa. Mimi nilisema nani atasikiliza habari za nepi. Akasema, "Andika, wakikataa wakatae wao." Nikaandika mezani kwake, mtoto wake akiwa mapajani kwangu, ananivuta kalamu.

Mume wangu aliporudi kutoka porini, vumbi mpaka kwenye kope, nilimkalisha kitandani nikamsomea. Nilipofika kwenye jina la mtoto akaniomba nisite kidogo. Akashika kichwa. Halafu akasema, "Andika na jina langu."

Sijapona kama homa inavyopona. Hasira bado ninayo, na sina mpango wa kuiacha kwa sasa. Lakini siongei tena na ukuta.

Namshukuru jirani yangu, yuko hapa, amenikataza kumtaja. Namshukuru mama mkwe wangu kwa ule mtori. Nilichelewa kuelewa kwamba alinipikia kama mzazi kwa sababu nilikuwa mzazi. Nawashukuru na ninyi mlionipokea kwenye umoja huu mkaniandika kwa jina la mwanangu.

Mnachoweza kuondoka nacho ni hiki. Ukienda kwa mama aliyefiwa na mtoto mchanga, acha hayo ya atapata mwingine. Muulize mtoto aliitwa nani, ukae usikilize. Na hizo simu zetu, kabla hujabonyeza "Kubali", mpe mtu mnayeaminiana asome nawe, na apdeti ikipita ingia ndani uangalie wamekubadilishia nini.

Malalamiko yenyewe niliyoyapeleka nawasomea kama yalivyo. Yamepokelewa, yamegongwa muhuri, jibu bado.

"Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA PROGRAMU YA KUZUIA MATANGAZO

Mimi ni mama wa marehemu Naserian. Niliiweka programu tajwa kwenye simu yangu baada ya mtoto wangu kufariki, ili nisionyeshwe matangazo ya watoto wachanga. Niliandika maneno nisiyotaka kuyaona. Programu hiyo, kila ilipofanyiwa mabadiliko, ilifuta maneno hayo bila kuniuliza. Katika mabadiliko ya mwisho iliyatumia maneno hayo hayo kuniletea matangazo. Picha za kioo cha simu nimeambatanisha.

Fomu yenu imeuliza nimepata madhara gani. Nilipewa hongera za mtoto niliyemzika.

Naomba wenye programu hiyo wafute kila walichoandika kunihusu mimi na mwanangu, na wathibitishe kwa maandishi kwamba wamefuta. Naomba wazuiwe kubadilisha chochote ambacho mtu amekikataa mpaka wamuulize upya kwa lugha anayoielewa. Naomba pia jina la mtu, siyo mashine, atakayenijibu.

Baba wa mtoto anaungana nami katika malalamiko haya na ameweka sahihi yake chini ya yangu.

Nilisema hapana mara ya kwanza, na nilikuwa na akili zangu. Sitakaa niiseme upya kila wanapotoa toleo jipya."